Majina Mawili, Kidole Kimoja

Kiwanda cha mabeseni cha Mama Nthoki kilikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeujua. Kila baada ya wiki kumi na moja, wanawake wenye afya zao, ambao asubuhi hiyo hiyo walikuwa wametembea kwa miguu kutoka mtaa wa Mukuru kwa Njenga hadi Industrial Area huku wakicheka njia nzima, waliambiwa kwamba wamechoka. Hakuna aliyewauliza. Muturi, msimamizi wa vibarua, alisimama getini Ijumaa jioni, akasoma majina, akasema, "Hawa wakapumzike." Aliyepumzishwa alienda kukaa nyumbani mpaka aitwe tena, kama angeitwa.

Sababu ilijulikana. Mtaani ilisemwa kwamba kibarua akitimiza miezi mitatu mfululizo, sheria inamfanya mwajiriwa kamili, mtu mwenye barua ya ajira na likizo, ambaye huwezi kumfukuza kwa kumwonyesha geti tu. Basi kiwanda kilihesabu wiki kwa makini kuliko kilivyohesabu mabeseni. Ya kumi na moja ikifika, jina lako lilikatwa kabla sheria haijakuona.

Lakini Nangila Lusweti alifanya kazi hapo miaka minne na miezi miwili, na hakupumzika hata wiki moja.

Hapo ndipo watu wa Mukuru wanapojiona wajanja. Jina likipumzishwa Ijumaa, mwenye jina alirudi Jumatatu na kitambulisho cha mtu mwingine. Mmoja alikuja na cha dadake, mwingine cha jirani, na mwingine wa tatu cha mwanamke aliyehamia Kitale na kukisahau kwa mwenye nyumba. Nangila alitumia cha Mideva, mke wa kakake Shiundu. Wiki kumi na moja alikuwa Nangila, kumi na moja zilizofuata akawa Mideva, kisha Nangila tena. Muturi alitazama picha kwenye kitambulisho, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake, akaandika jina bila kupepesa macho. Alihitaji mikono iliyozoea kazi, na madaftari yaliyo safi, na mpango huu ulimpa vyote viwili.

Wanawake waliucheka sana mpango huo wakati wa chakula cha mchana. Walisema wamemweza tajiri. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba kila walipobadilisha jina walikuwa wanajifuta kwa mikono yao wenyewe, na kumfanyia Muturi kazi ya kufuta bila malipo. Nangila naye alicheka na wenzake, tena kwa sauti.

Siku za kubadilishana vitambulisho alikwenda Makongeni, kwenye nyumba za reli alikokaa kakake, na kila mara alimbebea Mideva beseni lenye kasoro kama asante. Mideva alishona sare za shule kwenye kibaraza, na kitambulisho chake kilikuwa kinalala tu ndani ya kopo la vifungo. Baada ya miaka minne nyumba yake ilijaa mabeseni. Alifulia kwenye mabeseni, akaanika mboga kwenye mabeseni, akaweka vitambaa vya sare kwenye mabeseni, na wageni wa kanisa walipokuja alikalisha watoto wao wadogo juu ya mabeseni yaliyogeuzwa. Shiundu alisema siku moja watalala ndani ya beseni.

Kitu kimoja tu hakikubadilika, na hakuna aliyekiwazia. Ilikuwa namna ya kutia sahihi. Asubuhi, kabla ya kuingia, kila kibarua alichovya kidole gumba kwenye sponji yenye wino na kukigandamiza daftarini mbele ya jina lake. Muturi hakutaka kalamu. Kalamu ziliibiwa, tena watu wakipewa kalamu wanachelewesha foleni, wengine wanataka kuandika vizuri kama wanaandikia mchumba.

Na kidole gumba cha kulia cha Nangila kilikuwa na kovu. Alilipata mwezi wa kwanza. Beseni likitoka kwenye mashine huwa na makali ukingoni, na kazi ya wanawake ni kuyakwangua kwa kisu kifupi likiwa bado na joto. Kisu kiliteleza kikapasua nyama ya kidole kwa mshazari. Muturi alimfunga kwa karatasi ya choo na selotepu. Nangila alipouliza kama tukio hilo litaandikwa mahali, alijibiwa kwamba kibarua haumii, anayeumia ni mwajiriwa. Alirudi kukwangua mabeseni na kidole kikiwa kimefungwa kama zawadi ya Krismasi.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka mimba yake ya pili ilipofika mwezi wa sita na aproni ikakataa kuficha. Ilikuwa zamu ya jina la Mideva, wiki ya tano. Muturi alimwita kando, akamwambia akapumzike mpaka ajifungue, kisha akimaliza kunyonyesha aje waone. Nangila alimwambia kwamba daktari hajamkataza kazi, na mumewe Owuor alikuwa amekosa vibarua vya kuchomelea tangu Pasaka, kwa hiyo kazi hii ndiyo iliyokuwa inashikilia nyumba. Alisema angeendelea mpaka mwezi wa nane, ajifungue, arudi. Muturi akasema kiwanda si wodi ya wazazi. Jumatatu iliyofuata Nangila alikuta mwanamke mwingine mahali pake, tayari ameshika kisu chake.

Aliyemtoa nyumbani ni Ayuma. Ayuma alikuwa mwenzake wa mashine kwa miaka mitatu, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi, mzaliwa wa mtaa wa Ziwani. Jina lake lilikuwa la Kiluhya lakini hakujua hata kusalimia kwa Kiluhya, na Nangila alipomtania kwa hilo alisema ndivyo Nairobi inavyomfanya mtu. Alikuja Mukuru Jumapili na nusu mkate, akakaa, akamtazama Nangila aliyekuwa amekunjamana kitandani.

"Sasa utakaa hapa ukiangalia mabati?" alisema. "Enda kwa ofisi ya kazi. Nilisikia kwa redio, mtu akifutwa ana miezi mitatu ya kupeleka malalamiko. Ukilala imeenda."

Nangila akaenda.

Afisa wa kazi aliyempokea aliitwa Bi Clare Adoyo, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na faili nyingi mezani kuliko nafasi ya kuziweka. Aliandika kila kitu taratibu. Nangila alieleza miaka minne, mimba, na mtu mwingine aliyewekwa mahali pake. Alieleza vizuri, ila aliacha kipande kimoja. Hakutaja vitambulisho. Aliona aibu, na pia aliogopa, na akajiambia kwamba mambo ya getini yabaki getini.

Jibu la kiwanda lilikuja baada ya wiki mbili, na lilikuwa fupi. Kulingana na kumbukumbu zao, Nangila Lusweti alikuwa kibarua wa muda, hajawahi kuzidisha wiki kumi na moja mfululizo, na mwezi anaodai kuachishwa hakuwa kazini kabisa. Walimtakia kila la heri katika uzazi wake.

Bi Adoyo alimsomea barua ile, akaivua miwani, akamwuliza ni nani anayesema uongo. Nangila akalia, kisha akaeleza yote, kuanzia kopo la vifungo hadi mabeseni ya Makongeni. Bi Adoyo hakumfariji. Alikasirika waziwazi, akasema amepoteza wiki mbili akitetea nusu ya ukweli, na kutumia kitambulisho cha mwingine ni kosa linaloweza kuwapeleka mahakamani yeye na huyo wifi yake. Kisha akachezea kamba ya miwani.

"Lakini mambo hayo hayafanyiki bila mtu wa getini kufumba macho," akasema mwishowe. "Alhamisi wiki ijayo nitawaita hapa. Nitawaagiza walete madaftari yote ya getini, ya miaka minne. Wewe lete mwenye kitambulisho. Kama yeye mwenyewe hatasema hakuwahi kufanya kazi pale, sina mahali pa kusimama."

Kwa hiyo Nangila alikwenda Makongeni tena, mara hii bila beseni.

Alimkuta Mideva kibarazani, mita ya kushonea ikining'inia shingoni. Shiundu alikuwa ametoka zamu, anakunywa chai. Nangila aliongea akiwa amesimama, maana alijua akikaa atashindwa. Mideva alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua mguu kwenye cherehani. Kisha akaeleza lake. Shule moja ya hapo jirani ilikuwa imemkubali kuwa mshonaji wake, kazi ya kudumu, ya kwanza ya namna hiyo maishani mwake, na kilichobaki ni cheti cha tabia njema kutoka polisi. Alikuwa amepigwa alama za vidole, anasubiri. Sasa aende mbele ya serikali aseme kitambulisho chake kilitumiwa na mtu mwingine kwa miaka minne, na yeye alijua?

"Mulamwa, nilikupa kipande cha kitambulisho," Mideva alisema, akimwita wifi yake kwa Kiluhya. "Sikukupa jina. Jina bado nalihitaji."

Nangila alijua ni kweli. Alimtazama kakake, naye Shiundu akaitazama chai yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Nangila akatoa kitambulisho cha Mideva kwenye kitambaa alichokifungia, akakiweka mezani, akachukua chake. Alimwomba wifi yake msamaha, na msamaha ule ulikuwa wa miaka yote minne, si wa siku ile peke yake. Mideva alikitazama kitambulisho bila kukigusa. Nangila alirudi Mukuru kwa miguu, na alipofika alimwambia Owuor kwamba ataenda Alhamisi hata kama ni kwenda kushindwa.

Alhamisi, Muturi alifika na madaftari manne makubwa yenye majalada magumu, akayapanga mezani kwa unadhifu. Pamoja naye alikuja Mama Nthoki mwenyewe. Nangila alikuwa amemwona kwa mbali tu, akipita na gari. Kwa karibu alikuwa mama wa kawaida mwenye kitambaa kichwani na sweta ya kijani, na uso wa mtu aliyekatizwa kazi. Alisema kabla ya kukaa kwamba ana oda ya mabeseni elfu tatu na mashine moja imekufa.

Muturi alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alifungua daftari hapa na pale, akaonyesha. Huyu Nangila, wiki kumi na moja, akaondoka. Miezi imepita, Nangila, wiki kumi na moja. Katikati hayupo. Mwezi anaolalamikia, hayupo. Kuna mtu anaitwa Mideva, ndiyo, lakini huyo ni mtu mwingine, ana kitambulisho chake na namba yake. Kama mama huyu anataka kukalia kazi za watu wawili, basi tumpe na mishahara ya watu wawili, akasema, akatabasamu kidogo.

Bi Adoyo alimgeukia Nangila, akamwuliza kama shahidi wake amefika. Nangila akasema hajafika. Akaulizwa kama ana ushahidi mwingine, hati yoyote, picha yoyote. Akasema hana. Mtoto alimpiga teke upande wa kushoto, akaweka mkono pale, na akainamisha macho ili watu wasione yamejaa.

Macho yalipoinama yaliangukia daftari. Lilikuwa wazi mbele ya Muturi, kwa hiyo Nangila aliliona limegeuzwa juu chini. Majina yalikuwa hayasomeki kutoka pale alipokaa, lakini alama za vidole zilionekana, safu ndefu ya madoa meusi yakishuka ukurasa. Madoa yote yalikuwa mazima, isipokuwa moja. Lile moja lilikatwa katikati na mstari mweupe uliolala mshazari.

Nangila alisimama, akazunguka meza bila kuomba ruhusa, akaweka kidole pale.

"Hiki ni changu," akasema.

Muturi akasoma jina lililokuwa pembeni, kwa sauti, ili kila mtu asikie: Mideva. Nangila akamwomba Bi Adoyo wino. Ofisi ile ilikuwa na wino, maana wengi wanaokuja pale hawajui kuandika. Akachovya kidole gumba, akakigandamiza kwenye karatasi nyeupe, akaiweka kando ya daftari. Mstari ulikuwa ule ule, kutoka juu kushoto hadi chini kulia.

Bi Adoyo akavaa miwani. Akafunua ukurasa. Nangila Lusweti, mstari. Akafunua kurasa nyingine nyingi kwa pamoja. Mideva, mstari. Akavuta daftari la mwaka uliotangulia, akalifungua popote tu. Mstari. Akafungua la kwanza kabisa, akarudi nyuma mpaka mwezi wa kwanza wa Nangila, na huko akapata siku tisa za kidole kizima, siku moja ambayo alama ilikuwa imefifia na pembeni pana doa la hudhurungi ambalo si wino, na kuanzia hapo mstari, asubuhi baada ya asubuhi. Jeraha ambalo Muturi alikataa kuliandika lilikuwa limejiandika lenyewe, tena katika daftari lake mwenyewe, zaidi ya mara elfu moja. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kufurahia kovu kama Nangila alivyolifurahia lake saa ile.

Muturi hakukata tamaa. Alisema vidole vya vibarua wote vimekatika, hata huyo Mideva anaweza kuwa na kovu kama hilo, yupo wapi wamwone.

Mlango ulikuwa wazi, na Mideva alikuwa amesimama kwenye korido akiongea na karani. Sijui alikuwa amefika lini. Mita ya kushonea ilikuwa bado shingoni, amesahau kuivua. Aliingia, akasalimia wakubwa kwa heshima, akasema jina lake lote, akatoa kitambulisho akakiweka juu ya meza.

"Kiwanda cha hawa watu sijawahi kukanyaga," akasema. "Nilimpa mulamwa kipande changu kwa sababu angekosa kazi. Kama ni kosa, niandikwe. Lakini miaka minne ya mtu siwezi kubaki nayo mimi."

Akaomba wino. Kidole chake kilitoka cha mviringo, kizima, na mistari yake midogo yote mahali pake. Bi Adoyo aliweka karatasi mbili kando kando, na hakuna aliyekuwa na haja ya kueleza.

Aliyeongea kwanza ni Mama Nthoki. Hakumtazama Bi Adoyo wala Muturi. Alimwuliza Nangila kovu lile alilipata wapi.

"Kwako, mama. Mashine namba nne, mwezi wa kwanza."

Mama Nthoki akauliza alitibiwa na nani. Nangila akamtazama Muturi, akasema kwa selotepu. Yule mama akashusha pumzi ndefu. Alieleza, na kwa kweli hakuna aliyemwomba aeleze, kwamba alianza na mashine moja Kariobangi, akikwangua mabeseni mwenyewe usiku na mchana. Kiwanda kilipokua alimlipa mtu mwenye suti amshauri, naye akamwambia vibarua wasivuke wiki kumi na moja, atakuwa salama na sheria. Oda huja na kukatika. Wanawake sitini wakigeuka waajiriwa siku moja na oda ikakatika, atafunga, na hapo nani atakuwa amepona?

"Nilijua tunapumzisha watu," akasema. "Sikujua kwamba hawapumziki."

Hapo Bi Adoyo, ambaye kwa muda wote alikuwa mkali kwa kila mtu sawasawa, alilegeza sauti. Alimwambia kwamba yule mwenye suti alimuuzia maneno ya mtaani. Sheria haisubiri miezi mitatu. Mtu akikufanyia kazi mfululizo hata mwezi mmoja, si kibarua wa siku tena, na wiki kumi na moja zilikuwa zimeshampita zamani. Tena asiyempa mfanyakazi mkataba wa maandishi hubebeshwa mwenyewe mzigo wa kuthibitisha, na yeye amejithibitisha vibaya mno, madaftari manne mazima. Kumwondoa mwanamke kwa sababu ni mjamzito ndiyo habari mbaya kuliko zote. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu kuandika mkataba wa miezi sita au mwaka mmoja, wazi, ukisema mwanzo na mwisho, pale ambapo kazi kweli ina mwisho. Kisichoruhusiwa ni mchezo wa kujificha. Kisha akawageukia Nangila na Mideva, akawapa onyo lao la maandishi, na kumwambia Muturi kwamba lake litakuwa refu zaidi.

Mideva akauliza, kwa sauti ndogo, kama onyo hilo linaenda polisi. Bi Adoyo akasema linaenda ndani ya faili hii, na faili hii inaenda kwenye kabati lile pale, na funguo anazo yeye. Mideva akakaa chini kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Makubaliano yaliandikwa mchana huo huo. Nangila angerudi kazini, na barua yake ya ajira ingehesabu tangu siku ya kwanza kabisa, siku ile ya kidole kizima. Angepata likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo na kurudi mahali pake. Bi Adoyo alisukuma karatasi na sponji ya wino, kwa mazoea tu. Nangila akaisukuma sponji pembeni, akaomba kalamu. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa maana hakuwa ameliandika jina lake kwenye karatasi ya kazi hata siku moja. Muturi hakulalamika kwamba anachelewesha foleni.

Nje, mawifi wale wawili walitembea mpaka barabarani. Nangila alitafuta namna ya kushukuru. Mwishowe alisema atamletea beseni.

"Ukiniletea beseni lingine," Mideva akasema, "nitakurudisha kwa yule Madam wa miwani." Wakacheka mpaka watu wakageuka, na Nangila akashika tumbo kwa mikono miwili ili kicheko kisimuumize.

Jumatatu asubuhi foleni ya getini ilikuwa ndefu kuliko kawaida, kwa kuwa habari zilikuwa zimezunguka Mukuru kwa Njenga tangu Ijumaa. Muturi alikuwa amepelekwa stoo. Mezani alikaa Mama Nthoki mwenyewe na sweta yake ya kijani. Mbele yake kulikuwa na daftari jipya, kalamu tatu zilizofungwa kwa kamba na bunda la karatasi za mikataba. Alisimama akasema hana maneno mengi, mashine zinasubiri. Leo kila mtu atoe kitambulisho chake mwenyewe na kusema jina lake mwenyewe, na yaliyopita hatamwuliza mtu. Mikataba itatofautiana, wa mwaka kwa wengine, wa kudumu kwa waliokaa miaka mingi, na yeye mwenyewe akisema uongo, waende kwa yule mama mwenye miwani.

Hakuna aliyesogea. Ni rahisi kumwambia mtu aseme jina lake, lakini wanawake hawa walikuwa wamezoea kwamba jina ndilo linalofukuzwa. Nangila alikuwa wa kwanza kwenye foleni kwa sababu ya tumbo lake, wenzake walimpisha. Akaenda mezani, akaweka kitambulisho, akasema, "Nangila Lusweti," kwa sauti iliyofika nyuma kabisa, akatia sahihi. Wa pili akafuata, kisha wa tatu. Kadiri foleni ilivyosogea ndivyo majina mageni yalivyozidi kutoka, na kila lilipotoka jina geni watu waliguna na kucheka na kumwangalia mwenye nalo upya.

Ikafika zamu ya Ayuma. Alikuwa kimya tangu asubuhi, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia Nangila wasiwasi. Alipekua ndani ya sidiria, akatoa kitambulisho kilichokunjika pembe, ambacho Nangila hakuwa amewahi kukiona, akakiweka mezani mbele ya Mama Nthoki.

"Naitwa Nduta," akasema, akiangalia chini. "Ayuma alikuwa jirani yetu Ziwani. Wakati naanza sikuwa na kipande, nikaomba chake."

Mama Nthoki aliandika bila kuinua kichwa. Yule mwanamke akatia sahihi, akageuka, akamkuta Nangila amesimama njiani akimsubiri, mikono kiunoni, tumbo mbele. Miaka mitatu walikuwa wamegawana mashine moja, mkate mmoja na siri zote, au Nangila alidhani ni zote. Sasa alielewa kwa nini Kiluhya kilimshinda: Nduta ni jina la Kikuyu. Alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu yeye mwenyewe alijua ladha ya kuitikia jina lisilo lako kila asubuhi.

Akampa mkono, kama watu wanavyosalimiana wakikutana mara ya kwanza.

"Sasa, Nduta," akamwambia. "Mimi ni Nangila."

Nduta akaushika mkono ule, akaung'ang'ania, na wakaingia kazini hivyo hivyo, wameshikana.